Sita kama mmoja: heliamu ya miamba yetu na fumbo la fizikia ya kwanta

Kwa mkulima wa pamba wa Sola, wilayani Maswa, mwamba ni adui. Plau ikigonga jiwe, maksai wanasimama, ncha inapinda, na kazi inalala mpaka fundi apatikane. Chini ya udongo wa mbuga, ule unaonata wakati wa mvua na kupasuka nyufa kiangazi, sehemu kubwa ya mkoa wa Simiyu imekaa juu ya granaiti na miamba jamaa zake. Wajiolojia huiita kratoni ya Tanzania, na umri wake unapita miaka bilioni 2.5. Hakuna anayeifurahia isipokuwa wapasua kokoto. Lakini ndani ya mwamba huohuo, hata sasa unaposoma gazeti hili, kunazaliwa kitu ambacho maabara za gharama kubwa kuliko zote duniani haziwezi kufanya kazi bila hicho.

Granaiti ya kawaida ina urani kidogo, gramu tatu au nne hivi katika tani moja, na thoriamu iliyozidi hapo. Atomu ya urani haitulii. Kwa mwendo wa pole usio na mfano (nusu ya urani huhitaji miaka bilioni 4.5 kubadilika) inatema vipande vyake kimoja kimoja hadi igeuke risasi, ile risasi ya betri za magari. Katika safari hiyo atomu moja ya urani hutoa chembe alfa 8. Na chembe alfa si kitu cha ajabu ukishaifungua: ni protoni mbili na nyutroni mbili zilizoshikana. Ikitemwa, inagongana na mwamba, inapunguza kasi, inanyakua elektroni mbili zilizo karibu, na hapo imekuwa atomu ya heliamu. Protoni mbili, nyutroni mbili, elektroni mbili. Sita.

Kwa mamilioni ya miaka gesi hiyo imekaa imefungiwa mwambani. Inahitaji joto ili itoke, na joto hilo limeletwa na Bonde la Ufa. Hayo ndiyo maelezo ya wanasayansi wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, Uingereza, ambao Juni 2016 walitangaza pamoja na kampuni ya Helium One kwamba bonde la Rukwa lina akiba kubwa ya heliamu. Volkano za ufa zinaukanda mwamba wa kale, gesi inafunguka, inapanda hadi kwenye tabaka la juu linaloweza kuizuia. Mwaka 2024 kisima cha Itumbula, huko Rukwa, kilileta heliamu hadi juu ya ardhi. Leseni za utafiti zimetolewa pia kwa maeneo ya Balangida na Eyasi, na hapa ndipo habari inapotugusa sisi wa Simiyu, kwa sababu ukivuka Meatu kuelekea mashariki unafika Ziwa Eyasi, pale kratoni yetu inapoishia na ufa unapoanza.

Magazeti mengi yameandika kuhusu thamani ya gesi hii. Nataka kuandika kuhusu jambo ambalo halijaandikwa vya kutosha: kwa nini heliamu ina tabia iliyo nayo. Jibu lake limo ndani ya ile sita.

Chembe zote tunazozijua zimegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza ni fermioni. Elektroni ni fermioni, protoni na nyutroni pia, na kwaki zinazounda protoni na nyutroni hali kadhalika. Sheria yao, iliyoelezwa na Wolfgang Pauli mwaka 1925, ni kwamba fermioni mbili za aina moja haziwezi kuwa katika hali moja. Kila moja lazima iwe na nafasi yake. Ukigonga meza na meza ikakataa kupenywa, sehemu kubwa ya ukaidi huo ni sheria ya Pauli.

Kundi la pili ni bosoni, na lenyewe linapenda msongamano. Chembe za mwanga ni bosoni. Zikipoa au zikikusanywa, bosoni elfu au bilioni zinaweza kuwa katika hali moja na kutenda kama kitu kimoja. Jina limetokana na Satyendra Nath Bose, mwalimu wa chuo cha Dhaka, aliyemwandikia Albert Einstein mwaka 1924 akimwomba amsaidie kuchapisha makala yake fupi. Dhaka ya wakati huo ilikuwa mji wa pembeni katika India ya Mwingereza. Einstein aliitafsiri makala hiyo kwa Kijerumani yeye mwenyewe na kuipeleka jaridani.

Sasa, chembe iliyoundwa na chembe nyingine inaingia kundi gani? Kanuni inayofundishwa darasani ni rahisi kiasi cha kutia shaka: hesabu fermioni zilizomo. Zikiwa witiri, umbo zima ni fermioni. Zikiwa shufwa, ni bosoni. Protoni ina kwaki tatu, kwa hiyo fermioni. Heliamu ya kawaida, heliamu 4, ina sita: bosoni. Lakini kuna nduguye adimu, heliamu 3, aliyepungukiwa nyutroni moja tu. Yeye ana tano: fermioni.

Nyutroni moja haina chaji, haionekani, haibadilishi hata kidogo jinsi heliamu inavyotenda kikemia. Mpe mtu mitungi miwili, mmoja wa heliamu 4 na mmoja wa heliamu 3, hataona tofauti kwenye puto. Zipoze, ndipo utashangaa. Heliamu 4 hugeuka kimiminika kwenye nyuzi 269 chini ya sifuri. Endelea kuipoza hadi nyuzi 2.17 tu juu ya sifuri halisi, yaani baridi ya mwisho inayowezekana, ambayo ni nyuzi 273 na ushei chini ya sifuri yetu ya kila siku, na kimiminika kinapoteza mnato. Maji ya bwawa la New Sola yanayopelekwa Maswa mjini yanasuguana na bomba njia nzima, ndiyo maana pampu zinakula umeme. Heliamu hii haisuguani na chochote. Inapita kwenye vitundu vyembamba ambavyo kimiminika cha kawaida kingekwama. Ukiiweka kwenye kikombe inatambaa juu ya ukuta wa kikombe ikiwa utando mwembamba, inavuka ukingo, inashuka nje na kudondoka kutoka chini ya kitako mpaka kikombe kiwe kitupu. Pyotr Kapitza aliyekuwa Moscow, na John Allen na Don Misener waliokuwa Cambridge, walitangaza jambo hili katika toleo moja la jarida la Nature mwanzoni mwa 1938.

Heliamu 3 kwenye nyuzi hizohizo? Hakuna. Inabaki kimiminika cha kawaida. Ilibidi wanafizikia watatu wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, waishushe hadi sehemu mbili na nusu hivi za elfu moja za nyuzi moja, mwaka 1972, ndipo nayo ikaacha mnato. Ilifanyaje wakati ni fermioni? Atomu zilijiunga mbilimbili. Tano na tano ni kumi, na kumi ni shufwa. Tuzo ya Nobel ya 1996 ilitolewa kwa kazi hiyo.

Hadi hapo mtu anaweza kuridhika na kufunga daftari. Mimi sikuridhika nilipoisoma kanuni ya kuhesabu mara ya kwanza, na naona msomaji makini hataridhika pia. Fermioni sita zilizomo ndani ya heliamu hazijaacha kuwa fermioni. Elektroni ya atomu hii na elektroni ya atomu ile bado zinafungwa na sheria ya Pauli. Inakuwaje basi wabinafsi sita wakiungana wapate tabia ya ukarimu ambayo hakuna hata mmoja wao aliyekuwa nayo?

Jibu lenye nguvu zaidi limekuja katika karne hii. Mwaka 2005 C. K. Law, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Kichina cha Hong Kong, alionyesha kwamba kinachoifanya jozi ya fermioni itende kama bosoni ni mfungamano wa kwanta kati ya hizo mbili. Miaka mitano baadaye Christopher Chudzicki, Olufolajimi Oke na William Wootters wakaithibitisha hoja hiyo kwa hesabu iliyokazwa zaidi. Nguvu inayozivuta chembe pamoja, kwa mtazamo huo, kazi yake ni kuzifungamanisha. Mfungamano wenyewe ndio unaotoa tabia mpya.

Mfungamano wa kwanta ni nini? Chukua elektroni mbili zilizoandaliwa hivi kwamba mizunguko yao, tuiite hivyo kwa urahisi, ikijumlishwa ni sifuri. Hali ya jozi inajulikana kikamilifu. Hali ya kila moja peke yake haijulikani kabisa, na si kwa sababu tumekosa kifaa kizuri, bali kwa sababu haipo. Ukipima moja ukapata juu, nyingine ikipimwa kwa mwelekeo huohuo itakuwa chini, hata ikiwa upande wa pili wa dunia. Einstein na wenzake wawili waliliona hili mwaka 1935 na halikuwapendeza; waliamini kwamba majibu yalikuwa yameandikwa ndani ya chembe tangu mwanzo. Mwaka 1964 John Bell aligundua njia ya kuwapima: majibu yaliyoandikwa mapema hayawezi kukubaliana kupita kiwango fulani. John Clauser alifanya jaribio mwaka 1972, Alain Aspect akalifanya kwa ukali zaidi mwaka 1982, Anton Zeilinger akaendelea kwa miongo iliyofuata. Kiwango kilivukwa kila mara. Watatu hao walipewa Nobel mwaka 2022. Tahadhari moja kwa wale wanaouza ndoto mitandaoni: huwezi kutumia mfungamano kupeleka ujumbe kasi kuliko mwanga. Anayepima upande mmoja anaona matokeo ya kubahatisha tu, mpaka aletewe matokeo ya mwenzake kwa simu au barua.

Turudi kwenye chembe zilizounganika. Atomu rahisi kuliko zote, ya haidrojeni, ni protoni moja na elektroni moja. Hatujui protoni iko wapi ndani ya chumba, hatujui elektroni iko wapi, lakini tunajua kwamba ilipo moja na nyingine haiko mbali. Huo ni mfungamano wa mahali. Chumba kikiwa kikubwa, sehemu zinapoweza kuwa pamoja ni nyingi mno, na mfungamano ni mkubwa. Law alionyesha kwamba ilimradi idadi ya hali ambazo jozi inaweza kuzigawana inazidi kwa mbali idadi ya jozi zilizopo, sheria ya Pauli haipati nafasi ya kujitokeza, na jozi zinaishi kama bosoni. Fikiria maksai chini ya nira. Shamba likiwa pana, hakuna anayehesabu ng'ombe. Tunasema jozi tatu zinalima. Zijaze jozi hamsini kwenye uwanja wa nyumba na utaanza kuona pembe, mabega na hasira za kila dume peke yake. Bosoni iliyoundwa huvunjika namna hiyohiyo: ikibanwa kupita kiasi, fermioni zake zinakumbuka asili. Tofauti ni kwamba nira ni mti unaoushika, na mfungamano hauna mti.

Haya si mambo ya Hong Kong peke yake. Mgonjwa wa Maswa au Bariadi anayeandikiwa kipimo cha MRI analazwa ndani ya sumaku ambayo waya wake, wa niobi na titani, umezamishwa katika heliamu ya kimiminika. Katika baridi hiyo elektroni za waya zinaungana mbilimbili, mbili ni shufwa, na umeme unazunguka bila ukinzani wowote, bila kuhitaji kuchochewa. Heike Kamerlingh Onnes, Mholanzi aliyekuwa wa kwanza kugeuza heliamu kuwa kimiminika mwaka 1908, aliliona jambo hili mwaka 1911 bila kulielewa. Maelezo yalipatikana mwaka 1957, yakijengwa juu ya jozi alizozifikiria Leon Cooper. Wanafizikia watakaosoma hapa watanikumbusha kwamba jozi za Cooper ni kubwa na zinapishana ovyo, kwa hiyo si bosoni safi kama heliamu 4. Ni kweli. Kazi zinafanya hata hivyo.

Kompyuta za kwanta zinazojengwa na makampuni makubwa ya Marekani na China, zile za saketi zisizo na ukinzani, zinahitaji baridi zaidi: sehemu kumi au kumi na tano hivi za elfu ya nyuzi moja. Friji zake zinatumia ndugu wote wawili, heliamu 3 na heliamu 4 zikichanganywa, na ubaridi unapatikana fermioni zinapovuka kuingia kwenye umati wa bosoni. Heliamu 4 inatoka ardhini, mahali kama Rukwa. Heliamu 3 inayouzwa leo inatokana zaidi na tritiamu iliyotengenezwa kwa ajili ya silaha za nyuklia. Ukitaka kujua kwa nini bei yake inaumiza, sababu ni hiyo.

Ndani ya maabara za kwanta kuna jambo la pili la Kitanzania, na hili halichimbwi. Mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, kijana wa kidato cha tatu, Erasto Mpemba, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Maziwa yalichemshwa, yakatiwa sukari, yakatakiwa yapoe kabla ya kuingizwa kwenye friza. Nafasi ilikuwa inakwisha, akaingiza yake yakiwa ya moto. Yakaganda kabla ya yale yaliyoingizwa yakiwa baridi. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa, na alipoendelea kuuliza, darasa likapata utani: hiyo ni fizikia ya Mpemba. Baadaye akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali lilelile Dk. Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam aliyetembelea shule. Wanafunzi walicheka tena. Osborne alirudi chuoni akaagiza lijaribiwe, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja.

Kuhusu maji, ubishi haujaisha. Wapo waliorudia majaribio kwa uangalifu na kusema hawauoni mwujiza huo. Lakini jina limehamia kwingine. Mwaka 2023 Filiberto Ares, Sara Murciano na Pasquale Calabrese walichapisha utafiti kuhusu mifumo ya chembe nyingi zilizofungamana, wakapima jinsi ulinganifu uliovunjwa unavyorudi. Walichokuta ni hiki: katika hali fulani, mfumo uliovurugwa zaidi hurudi kwenye ulinganifu mapema kuliko uliovurugwa kidogo. Wakauita mwenendo wa Mpemba wa kwanta. Mwaka 2024 kundi la Innsbruck, Austria, likauona kwa macho katika ayoni 12 za kalsiamu zilizonaswa na kuongozwa kwa leza. Kwa hiyo leo mwanafunzi wa Austria, Italia au China anayesoma mfungamano wa kwanta atakutana na jina la mtoto wa Magamba, na hakuna anayecheka.

Tuna gesi, tuna jina. Watu hatuna wa kutosha, na kwangu hilo ndilo tatizo lenyewe. Sheria ya madini ilivyorekebishwa mwaka 2017 inaipa Serikali hisa zisizopungua asilimia 16 katika kampuni za uchimbaji, na hilo ni jema. Lakini hisa hazigeuzi gesi kuwa kimiminika, wala hazijengi friji. Simiyu tunaifahamu hadithi hii, maana sehemu kubwa ya pamba yetu bado inauzwa nje ikiwa nyuzi, kisha tunanunua nguo. Tukiuza heliamu kwa futi za ujazo na kununua vipimo vya MRI kwa dola, tutakuwa tumerudia somo ambalo tulikwisha kulipia.

Njia za kusoma zipo, na si zote ziko mbali. Abdus Salam wa Pakistan, aliyepata Nobel mwaka 1979, alianzisha kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia mjini Trieste, Italia, mwaka 1964, kwa ajili ya wanasayansi wa nchi maskini. Ni mji huohuo anamofanyia kazi Calabrese. Tangu 2018 kituo hicho kina tawi la Afrika Mashariki, EAIFR, katika Chuo Kikuu cha Rwanda mjini Kigali, linalofundisha shahada ya uzamili na uzamivu katika fizikia. Basi la kutoka Kanda ya Ziwa linafika Kigali. Anayetakiwa huko ni kijana mwenye shahada nzuri ya fizikia au hisabati, na kijana huyo haanzi chuo kikuu. Anaanza kidato cha kwanza, kwenye shule yenye mwalimu wa fizikia aliyesomea fizikia.

Siku mitambo itakapoingia Eyasi, waheshimiwa wabunge wa Simiyu na madiwani wa Meatu wataulizwa na wapiga kura kuhusu ajira na ushuru wa huduma. Wana haki ya kuulizwa. Nawaomba waongeze swali lao wenyewe mbele ya mwekezaji na Serikali kabla mkataba haujatiwa saini: ni nafasi ngapi za masomo ya fizikia na uhandisi wa ubaridi zimeandikwa humo, zinaanza mwaka gani, na ngapi kati ya hizo ni za wanafunzi wa wilaya ambazo gesi inatoka chini ya miguu yao.